Kesho Isiyokuwamo Jedwalini: John S. Mbiti na Maneno Mawili ya Kiswahili

Utangulizi

Ni nadra mwanazuoni wa Afrika Mashariki kuandika kitabu cha falsafa kwa Kiingereza kisha akaiegemeza nguzo yake kuu juu ya maneno mawili ya Kiswahili. John Samuel Mbiti alifanya hivyo mwaka 1969. Katika African Religions and Philosophy, maneno sasa na zamani yalitolewa katika matumizi ya kila siku, yakaandikwa kwa herufi kubwa na kupandishwa cheo yakawa istilahi. Tangu hapo yamesafiri mbali. Wapo wanafunzi wa teolojia na wa falsafa, katika nchi ambazo Kiswahili hakizungumzwi kabisa, wanaoyajua maneno hayo mawili na wasijue la tatu.

Makala haya yanadhamiria kuyarejesha maneno hayo nyumbani, yaani katika lugha yalikoazimwa na katika fasihi ya lugha hiyo. Tunajenga hoja mbili. Kwanza, kosa la Mbiti kuhusu wakati ni kosa la usomaji: alilisoma jedwali la njeo za vitenzi, akaiacha hadithi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mkusanyaji hodari wa hadithi. Pili, pale alipokubali kuongozwa na maneno ya watu badala ya kuyatawala, hususan katika kutenganisha mganga na mchawi, kazi yake ingali na uzito ambao wahakiki hatujautumia ipasavyo.

Suala hili si la mapambo ya kitaaluma. Si ajabu leo kukuta tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya ya Kiswahili inayotangaza, katika sura ya misingi ya nadharia, kwamba Mwafrika hana dhana ya wakati ujao, kisha ikawatafuta wahusika wanaothibitisha jambo hilo. Nadharia ikishageuzwa kuwa kanuni ya kusomea, huamua mapema kile ambacho msomaji ataruhusiwa kukiona.

Maisha na Kazi

Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alisoma Shule ya Upili ya Alliance, kisha Makerere, halafu Chuo cha Barrington nchini Marekani, na hatimaye Chuo Kikuu cha Cambridge, alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1963. Alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Kianglikana. Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, miaka ambayo chuo hicho kilikuwa uwanja wa mijadala mikali kuhusu utamaduni wa Kiafrika. Baadaye aliongoza Taasisi ya Kiekumeni ya Bossey nchini Uswisi, akawa mchungaji wa usharika katika mji wa Burgdorf na mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Bern. Alifariki Oktoba 2019.

Orodha ya kazi zake huonyesha jambo ambalo husahaulika: Mbiti alianza kama mwanafasihi. Kabla ya kitabu chochote cha teolojia alikuwa amechapisha hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake (1954). Mwaka 1966 alitoa Akamba Stories, mkusanyo wa ngano za Ukambani. Mwaka 1969, mwaka ule ule wa kitabu chake mashuhuri, alichapisha pia diwani ya mashairi, Poems of Nature and Faith. Vikafuata Concepts of God in Africa (1970), New Testament Eschatology in an African Background (1971), Introduction to African Religion (1975) na mkusanyo wa sala za dini za Kiafrika mwaka huo huo wa 1975. Mwaka 2014 ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya kutoka Kiyunani.

Inafaa kuangalia mada mbili katika orodha hii. Kitabu cha 1969 kinataja dini za Kiafrika kwa wingi. Kile cha 1975 kinataja dini ya Kiafrika, kwa umoja. Katika miaka sita mwalimu huyu alivuka kutoka kuorodhesha hadi kuunganisha. Mvuko huo ndio uliompa umaarufu, na ndio uliowakera wapinzani wake. Okot p'Bitek, katika African Religions in Western Scholarship (1970), aliwashutumu wasomi wa Kikristo wa Kiafrika, Mbiti akiwamo, kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani. Byang Kato (1975) alimshambulia kutoka upande wa pili kabisa, akiona kwamba ameipa dini ya jadi hadhi kubwa kupita kiasi. Mwandishi anayeshutumiwa na pande mbili zinazopingana huenda amegusa mahali penye uchungu wa kweli.

Mganga si Mchawi

Tuanze na lililo bora. Wageni waliotutawala walikuwa na neno moja la Kiingereza lililouunganisha uchawi na utabibu, nao walimbandika nalo kila mtu aliyetibu, aliyetabiri au aliyeondoa uovu. Mbiti alilikataa neno hilo. Kikamba hutenganisha mundu mue, yaani mganga, na mundu muoi, yaani mchawi. Kiswahili nacho hutenganisha mganga na mchawi, na hakuna mzungumzaji mwenye akili timamu anayeyachanganya. Mganga huitwa mchana na hulipwa hadharani. Mchawi hatajwi ila kwa kunong'onezana. Katika sura za kitabu chake cha 1969 kuhusu nguvu za siri na kuhusu wataalamu wa dini, Mbiti anamrudishia mganga hadhi ya mtumishi wa jamii, bila kukana kwamba watu huogopa uchawi na kwamba hofu hiyo ina matokeo.

Uzito wa tofauti hii unaonekana tukikumbuka historia ya sheria. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha Sheria ya Uchawi mwaka 1925. Mwaka 1932, baada ya kuuawa kwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa mchawi katika wilaya ya Machakos, wanaume 60 wa Ukambani walihukumiwa kifo mjini Nairobi katika kesi moja. Hukumu hizo zilibadilishwa baadaye. Katherine Luongo (2011) ameichambua kesi hiyo kwa kina. Washtakiwa waliamini kwamba walikuwa wakiilinda jamii dhidi ya uoi. Mahakama iliona mauaji tu. Pande hizo mbili hazikuwa na msamiati wa pamoja. Mbiti alikuwa mtoto mchanga Kitui wakati huo, na ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ya baadaye ilikuwa kuutafuta msamiati huo. Wala jambo lenyewe halijawa historia: mwezi Mei 2008 watu 11 waliteketezwa kwa moto katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi.

Ulinganisho na Uingereza unaweza kutufaa hapa. Huko, Sheria ya Uchawi ya 1735 ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichoitangaza Wicca, dini ambayo wafuasi wake walilikumbatia jina la mchawi kwa fahari. Gardner alidai kwamba dini hiyo ni urithi wa kale. Mwanahistoria Ronald Hutton (1999) ameonyesha kuwa ni zao la nyakati za karibuni. Gardner na Mbiti walikuwa walimu wa aina moja kwa maana hii: kila mmoja aliijengea jina imani iliyodharauliwa. Lakini walikwenda njia mbili tofauti. Gardner aliweza kulichukua neno mchawi na kulisafisha kwa sababu Uingereza ya wakati wake haikuwa tena ikiwaua watu kwa neno hilo. Mbiti hakuwa na anasa hiyo. Kwake, kuiheshimu dini ya wahenga kulidai kuutoa uchawi nje ya dini hiyo na kuuita kwa jina lake. Alifanya hivyo kwa kuwasikiliza wasemaji wa lugha, nao hawakumpotosha.

Sasa na Zamani

Nadharia ya wakati ilizaliwa kwingine. Chimbuko lake ni tasnifu ya Cambridge, iliyokuja kuwa kitabu cha 1971, na swali lake la kwanza lilikuwa la kichungaji: kwa nini mahubiri ya wamisionari kuhusu siku za mwisho yalieleweka vibaya Ukambani? Jibu la Mbiti lilikuwa kwamba wasikilizaji hawakuwa na mahali pa kuyaweka maneno hayo. Wakati, kwa mujibu wake, una pande mbili: sasa, ambayo hubeba yanayotendeka, yaliyotendeka karibuni na yanayokaribia sana kutendeka, na zamani, bahari kuu ambamo kila tukio hatimaye huzama. Wakati ujao wa mbali hauko, kwa kuwa matukio yake hayajatokea. Ushahidi mkuu ni jedwali la njeo tisa za Kikamba. Kati ya hizo, tatu tu zinahusu yajayo, na hata ile ya mbali zaidi haipiti miezi michache. Kutoka jedwali hilo anaruka hadi bara zima.

Wanafalsafa wamekwisha kulipinga jambo hili. Kwame Gyekye (1987) alitumia ushahidi wa Kiakan kuonyesha kuwa mruko huo hauna daraja. Sisi tunaongeza yale ambayo mtu wa Kiswahili anawajibika kuyasema.

Kwanza, kwa nini Kiswahili? Mbiti anaeleza kwamba aliyachagua maneno haya ili kuyakwepa ya Kiingereza yenye mzigo wa fikra za Kimagharibi. Lakini neno zamani limetoka katika Kiarabu, na sasa nalo huunganishwa na neno la Kiarabu lililotupa saa. Maneno yaliyopewa kazi ya kulinda dhana safi ya bara yaliingia kwa bandari. Hilo si aibu, kwani Kiswahili ni lugha ya bandari. Kosa ni kuazima viungo viwili na kukiacha kiwiliwili. Ghala lile lile lililotoa zamani limetoa pia akhera, kiyama, ahadi na nadhiri. Na kutoka shina la Kibantu, Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, siku zilizohesabiwa moja moja kuelekea mbele, pamoja na mwakani. Mtu hawezi kusema kwamba maneno ya akhera si ya Kiafrika kwa sababu yameletwa na Uislamu, na papo hapo akaitwaa zamani kuwa kielelezo cha Uafrika.

Pili, njeo si falsafa. Kiambishi -ta- cha wakati ujao hufikiriwa kuwa kimetokana na kitenzi taka. Je, tuseme kwamba Mswahili hana wakati ujao bali ana matakwa tu? Basi Mwingereza naye hana, kwa kuwa kitenzi chake kisaidizi cha wakati ujao nacho kilitokana na kutaka. Lugha huyatazamia yajayo kwa njia nyingi: kwa njeo, kwa masharti, kwa nahau, kwa methali. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta": ndani ya maneno manne mna onyo, hesabu ya gharama na kesho ndefu kuliko miezi sita. "Akiba haiozi" haina kiambishi cha wakati ujao hata kimoja, na bado haina maana yoyote pasipo wakati huo.

Tatu, ardhi yenyewe hutoa ushahidi. Milima ya Machakos imechongwa matuta. Mtindo mmoja wa matuta hayo, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, umeingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Tiffen, Mortimore na Gichuki (1994) wamesimulia jinsi wakulima wa Machakos, wakifanya kazi kwa vikundi vya mwethya, walivyoirudishia uhai ardhi ambayo katika miaka ya 1930 ilitangazwa kuwa imekufa. Kazi ya matuta ilianza kwa amri ya serikali, lakini iliendelea na kuenea baada ya mwamrishaji kuondoka. Anayechimba mtaro wa namna hiyo hachimbi kwa ajili ya msimu mmoja.

Hadithi Ilikuwa Inasema Nini?

Hata hivyo, udhaifu mkubwa zaidi unaonekana pale Mbiti anaposema kwamba jamii za jadi hazikuwa na manabii kwa maana kamili ya Biblia, na kuihusisha hali hiyo na ufupi wa wakati ujao. Hii ni kauli ya mwana wa Ukambani, nchi ya Syokimau. Masimulizi yanamkumbuka Syokimau kuwa ndiye aliyemwona nyoka mrefu akitambaa kutoka majini kwenda majini, pamoja na watu wa rangi ngeni waliobeba moto mifukoni. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Ziwa Viktoria 1901. Mwaka 2012 kituo cha treni kilifunguliwa kikiwa na jina la eneo linalomkumbuka mtabiri huyo. Masaku, ambaye Machakos imepata jina kwake, naye hukumbukwa kuwa mtabiri.

Mhakiki mwenye tahadhari atasema kwamba utabiri huu huenda ulipata umbo lake baada ya reli kufika. Na iwe hivyo. Hoja ya kifasihi inabaki pale pale: utanzu wa unabii upo, fanani anaujua, hadhira inautambua, na sharti lake la kwanza ni kwamba yajayo yanaweza kusimuliwa. Jamii isiyo na wakati ujao isingebuni utanzu huo hata kwa kuangalia nyuma. Wala si masimulizi tu. Mwaka 1922, katika wilaya ya Machakos, Ndonye wa Kauti alitangaza kwamba enzi mpya inakuja. Serikali haikungoja kuuliza kama Kikamba kina njeo ya kutosha kwa habari hiyo: ilimkamata na kumpeleka uhamishoni pwani.

Fasihi andishi ya Kiswahili inasema yale yale. Utendi wa Mwana Kupona (1858) ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti atakayebaki; wasia ni utanzu wa wakati ujao kwa tabia yake. Al-Inkishafi inayatazama magofu ya Pate ili moyo ujihadhari na yatakayoupata. Zamani katika tenzi hizi si kaburi la matukio bali ni kioo kilichogeuziwa mbele. Katika riwaya, Katama Mkangi alimpeleka mhusika wake hadi jamii isiyokuwapo bado, katika Walenisi (1995), na Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliuvuruga mpangilio wa wakati kiasi kwamba maangamizi na mwanzo mpya hukutana. Msomaji aliyejifunga na jedwali la Mbiti hawezi kuzisoma kazi hizi ila kwa kuziita za kigeni.

Wafu Walio Hai

Inatupasa pia kusema ni wapi Mbiti anamsaidia mhakiki. Dhana yake ya wafu walio hai, yaani marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina na ambao kwa vizazi vinne au vitano hubaki sehemu ya familia, ni mchango mkubwa. Hiyo ni dhana iliyochotwa katika mwenendo wa watu: kumwita mtoto kwa jina la babu, kumwaga kinywaji, kuapa kwa marehemu. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamrudisha babu kutoka kuzimu ili amkabili mjukuu wake, K, kigogo aliyesahau alikotoka. Mbiti anatueleza kwa nini babu huyo ana haki ya kuingia nyumbani bila kubisha hodi. Lakini riwaya inampita Mbiti hatua moja. Babu harudi ili kumvuta mjukuu kuelekea zamani. Anarudi kumdai hesabu ya yale atakayowaachia wengine. Wafu wanasimama upande wa watakaozaliwa.

Lugha yenyewe ya Mbiti ilikuwa na dokezo hilo. Katika Kikamba tene ni zamani; likirudiwa katika lugha ya sala, tene na tene, linakuwa milele. Mbiti angeweza kusema kwamba huu ni ushahidi wake: hata umilele umejengwa kwa matofali ya zamani. Tunakubali kwamba ndivyo lilivyojengwa. Lakini neno hilo, likishatamkwa, halitazami nyuma tu. Linaenea pande zote mbili, na mwenye kusali anajua linamfikisha wapi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika Mbiti mna wasomaji wawili. Mmoja husikiliza jinsi watu wanavyotaja mambo, akatuachia mganga aliyesafishwa jina, wafu walio hai, na mkusanyo wa ngewa ambao kila mtafiti wa fasihi simulizi ya Ukambani hana budi kuanza nao. Wa pili huchukua kipande cha sarufi na kukifanya hatima ya bara. Ushahidi bora dhidi ya huyo wa pili umetolewa na Mbiti mwenyewe. Mwaka 2014, baada ya miaka mingi ya kazi, alilikabidhi Agano Jipya zima kwa wasomaji wa Kikamba, na kitabu cha Ufunuo kikiwamo. Lugha ambayo jedwali lake la 1969 liliikadiria miezi michache ya mbele iliibeba mbingu mpya na nchi mpya kwa mkono wa mtu yule yule.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wanafunzi wa uzamili si kumwacha Mbiti. Ni kuanza na Akamba Stories kabla ya African Religions and Philosophy, na kuipima nadharia kwa hadithi wala si hadithi kwa nadharia. Atakayeandika kwamba Mwafrika hana kesho, na awe kwanza amezisoma riwaya tulizozitaja, kisha atueleze Syokimau alikuwa akisema nini.